Modemu iliyosahaulika ukutani: namna ya kukagua laini za simu za ofisi yako na kuzifunga

Katika vyumba vya mitambo kuanzia Naivasha hadi Busia zimo modemu, yaani vifaa vinavyopitisha data za kompyuta kwenye laini ya simu, ambazo bado zinaitikia simu. Moja iko nyuma ya swichibodi. Aliyeiuza swichibodi aliiweka ili fundi wake airekebishe akiwa Nairobi. Nyingine iko kwenye sanduku la kuendeshea pampu ya maji, nyingine kwenye kipimo cha matangi ya petroli, nyingine kwenye mizani ya malori ya miwa, nyingine kwenye jenereta ya hospitali. Ziliwekwa kwa sababu nzuri, zikafanya kazi, watu wakazizoea hadi wakazisahau. Aliyeziweka amestaafu na karatasi zake hazijulikani zilipo, lakini bili ya laini inalipwa kila mwezi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiuliza ni ya nini.

Mtu wa nje anayezitafuta ili aingie kwenye mitambo kupitia kwazo hana kazi ngumu. Anachukua fungu la namba, anaiachia kompyuta izipige moja baada ya nyingine, na kompyuta inaandika ipi imeitikiwa na mtu, ipi na faksi, ipi na modemu. Programu za ToneLoc na THC-Scan zilifanya hivyo tangu miaka ya 1990 kwa modemu moja na laini moja. Ukihesabu sekunde 60 kwa kila namba, namba 10,000 zilichukua saa 167, karibu siku 7 bila kupumzika. Mwaka 2009 mtafiti wa usalama wa kompyuta H D Moore alitoa WarVOX, na hesabu ikabadilika: programu hiyo haihitaji modemu, inapiga kupitia intaneti, simu nyingi kwa mara moja, inarekodi sauti ya kila inayoitikiwa na kuichambua baadaye. Kazi ya wiki ikawa ya siku moja. Fayawoli ya ofisi haioni lolote katika hayo, kwa sababu simu inaingia kwa waya mwingine kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu wa TEHAMA au fundi wa simu aliyekabidhiwa laini za kampuni, hospitali, Sacco au kiwanda, anayetaka kuzijua modemu zake kabla mtu mwingine hajazijua.

Barua kabla ya simu ya kwanza

Usipige namba hata moja kabla barua haijatiwa sahihi na mwenye laini. Msimamizi wa zamu hatoshi. Barua itaje namba zote zitakazopigwa, tarehe na saa, namba utakayoitumia kupiga, na mahali utakapokomea ukikuta modemu. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo linaloleta matatizo. Kusikia modemu ikiitikia ni jambo moja. Kujaribu maneno ya siri ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 14, inamtoza anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Piga namba zenu tu. Namba ya 057 au 051 iliyokuwa yenu miaka kumi iliyopita huenda leo ni ya duka la dawa au ya nyumbani kwa mtu. Namba iliyorudishwa kwa kampuni ya simu iondoe kwenye orodha, hata kama bado imechapishwa kwenye barua zenu za ofisi. Pigia kwa namba inayoonekana, usiifiche, na umweke mtu karibu na namba hiyo, maana watu watakupigia kuuliza nani alikata.

Toa pia kwenye orodha laini za wodi na mapokezi ya dharura, simu ya ndani ya lifti, na laini ya kengele ya wizi au moto. Hizo zikague kwa kuzifikia kwa miguu. Laini ya kengele iliyoshikwa na simu yako ya majaribio haiwezi kupeleka taarifa ya moto kwa dakika hiyo.

Kupata orodha ya kweli ya namba

Hapa ndipo kazi ilipo. Kupiga simu ni rahisi. Kujua upige wapi ndiko kunakochukua siku mbili au tatu. Orodha aliyo nayo mhudumu wa swichibodi karibu kila mara ina upungufu, kwa sababu yeye anazijua namba zinazoongea na watu.

Anza kwa mhasibu. Omba bili za simu za miezi 12 na uandike kila namba inayolipiwa. Namba ambayo ada yake ya mwezi inalipwa lakini haijapiga simu hata moja mwaka mzima iwekee alama: ama ni laini iliyokufa, ama ni laini ya kuitikia tu. Kisha iandikie kampuni ya simu barua rasmi ikupe orodha ya laini zote zilizosajiliwa kwa jina la taasisi, za waya na za kadi. Linganisha orodha hizo mbili. Tofauti haikosi.

Halafu nenda kwenye kisanduku cha nyaya, pale laini za nje zinapokutana na nyaya za ndani. Chukua mita ya volti na simu ya fundi yenye vishikizo. Jozi ya nyaya yenye laini hai isiyotumika husoma takriban volti 48 za mkondo mnyoofu. Mtu akiinua mkonga, zinashuka hadi chini ya volti 15 hivi. Usishike nyaya tupu kwa vidole: simu ikiita, volti za mkondo geu hupita 70, na hiyo inatosha kukurusha kutoka kwenye ngazi.

Kila jozi hai ambayo haimo kwenye orodha, bana simu ya fundi juu yake, sikiliza kwanza kama kuna mtu au data inayopita, na ikiwa kimya piga simu yako ya mkononi. Namba itakayotokea kwenye kioo ndiyo ya jozi hiyo. Iandike kwenye karatasi ya gundi, ibandike palepale kwenye kisanduku, kisha ufuate waya kwa kifaa cha kutafutia nyaya kinachotoa mlio hadi uone unaishia kwenye nini. Wizi wa nyaya za shaba umefanya ofisi nyingi zihamie simu za mezani zisizo na waya, kwa hiyo utakuta jozi nyingi zimekufa. Usizidharau zilizobaki hai. Laini iliyobaki hai baada ya wengine wote kuhama mara nyingi imebaki kwa sababu kuna mashine inayoitegemea.

Ukiwa na orodha iliyokamilika, changanya mpangilio wake. Ukipiga kwa mfuatano, simu za chumba kimoja zitalia moja baada ya nyingine, na kabla hujafika ya kumi watu watakuwa wamechomoa nyaya.

Kupiga na kusikiliza kwa sikio

Kwa ofisi yenye namba zisizozidi 80, sikio la mtu mwenye kalamu linashinda programu yoyote. Namba 60 huchukua saa moja na nusu kwa mzunguko mmoja. Fanya mizunguko miwili: saa nne asubuhi siku ya kazi, na saa tatu usiku au Jumapili. Ziko modemu ambazo mchana laini zake hushikwa na karani na usiku huachiwa mashine. Mzunguko wa asubuhi peke yake hautaziona.

Acha simu iite mara 10. Modemu inaweza kuwekwa iitikie baada ya mlio wa 5 au wa 8 makusudi, ili mtu aliye karibu apate nafasi ya kuinua kwanza. Anayekata baada ya mlio wa nne anaandika "hakuna jibu" mahali penye mlango wazi.

Ikiitikiwa, haya ndiyo utakayosikia.

Mluzi mwembamba usiokatika, wa juu, kama sekunde tatu: huo ni wa hezi 2100, wa modemu au faksi. Ukiusikiliza vizuri, kwa modemu za kisasa zaidi utasikia kama unashtuka kidogo mara mbili kila sekunde. Ni mawimbi yanayogeuzwa kila milisekunde 450 ili kuzima vizuia mwangwi vya njiani. Baada ya mluzi sikiliza kinachofuata. Faksi hutoa mtetemo mfupi, hunyamaza, hurudia, na baada ya sekunde 35 hivi hukata yenyewe. Modemu haitulii: hubadilisha milio, hupanda na kushuka, huishia kwenye kelele ya mkwaruzo. Modemu za zamani sana za mtindo wa Kimarekani huitikia kwa hezi 2225, mluzi wa juu kidogo kuliko huo.

Milio miwili mifupi, wa chini kisha wa juu, halafu kimya: ni kipokezi cha kengele za ulinzi, hezi 1400 na 2300. Kata, andika, usirudie.

Mlio wa kukukaribisha kupiga namba, kana kwamba umeinua mkonga ofisini: simama hapo. Hiyo si modemu, ni mbaya kuliko modemu. Swichibodi imekupa njia ya kupiga nje kwa gharama ya ofisi. Tutairudia.

Kimya kitupu baada ya kuitikiwa: usiandike "hakuna kitu". Baadhi ya vifaa husubiri anayepiga atoe mlio kwanza. Andika "imeitika, kimya", na uipige tena kwa modemu.

Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hii ya kusikiliza, kwani ingawa mtandao wa simu hubana sauti, mluzi wa 2100 unasikika. Kuunganisha data kupitia hapo ni jambo jingine; karibu haiwezekani.

Kuthibitisha kwa modemu

Kwa namba zilizoleta mluzi au kimya unahitaji modemu halisi ya nje, yenye tundu la serio (serial) au ya USB, ikiwa juu ya laini ya shaba. Usiichomeke kwenye tundu la ekstensheni ya kidijitali ya swichibodi. Umeme wake si wa modemu na unaweza kuiunguza. Ili kuiandikia amri, kwenye Linux tumia programu ya minicom, kwenye Windows tumia PuTTY, spidi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha. Kisha:

AT&F
ATE1V1X3
ATM1L2
ATS7=90
ATDT na namba yenyewe

Mstari wa kwanza unarudisha mipangilio ya kiwandani. X3 inaiambia modemu isisubiri mlio wa kupiga, kwa sababu mlio wa swichibodi nyingi haufanani na ule inaoutarajia na ingekurudishia NO DIALTONE bure. M1L2 inaacha spika wazi hadi muunganisho ukamilike, ili sikio liendelee kusaidia. S7 ni sekunde za kusubiri, na kosa la kawaida liko hapa: muda huo unaanza kuhesabiwa tangu namba inapomaliza kupigwa. Ukiuacha 30, na modemu ya upande wa pili inaitikia mlio wa nane, yako itakata kabla ya kuitikiwa na kuandika NO CARRIER, nawe utaamini hakuna kitu. Modemu nyingine hazikubali thamani kubwa hivyo, soma ATS7? uone imekubali ngapi. Ikiwa unapiga nje kupitia swichibodi, andika 9 kisha mkato kabla ya namba. Mkato ni kituo cha sekunde 2.

Modemu za mitambo ya zamani huzungumza polepole, na modemu yako ikianza kwa lugha ya spidi kubwa huenda zisielewane. Ukisikia mluzi lakini ukapata NO CARRIER, jaribu tena baada ya AT+MS=V22B, yaani biti 2400 kwa sekunde, kisha AT+MS=V21, yaani 300. Kama modemu yako haijui amri hiyo, mwongozo wake una inayolingana nayo.

Ukipata CONNECT, subiri sekunde 10, bonyeza Enter mara mbili, na unakili kilichotokea. Ukiona herufi za ovyo, badilisha kuwa biti 7 na pariti shufwa. Vifaa vingi vya zamani vinatumia hiyo. Usipoona chochote bado si salama: kidhibiti cha pampu kinachotumia Modbus, lugha ya mawasiliano ya mitambo ya viwandani, hakiandiki salamu, kinasubiri amri. Baada ya hapo subiri sekunde moja bila kugusa kitu, andika +++, subiri sekunde nyingine, kisha ATH. Umemaliza. Usijaribu jina wala neno la siri isipokuwa barua imesema hivyo, maana akaunti ikifungwa kwa majaribio matatu, huenda ni ile anayoitegemea mtu wa zamu kuwasha pampu usiku huo.

Kuhusu kupigia kupitia simu ya intaneti: inawezekana kwa kusikiliza na kurekodi, mradi sauti ipite kwa G.711, mtindo wa kusimba sauti usioibana sana. Ikibanwa kwa mtindo wa G.729, milio ya modemu huharibika na programu itaandika "mtu" au "kelele". Matokeo ya ukaguzi uliopita kwenye njia iliyobanwa yasiaminiwe.

Ukishaipata

Dawa ya kwanza ni kuichomoa. Muulize mwenye mtambo nani aliitumia mara ya mwisho na lini. Kama hakuna anayekumbuka, chomoa waya wa simu, bandika karatasi yenye tarehe na jina lako, na usubiri siku 60. Asipotokea mtu, omba laini ikatwe. Usichomoe kimyakimya kwenye mtambo wa maji au wa baridi ya maua; mjulishe mwendeshaji, maana pengine modemu hiyohiyo ndiyo inayompigia mtu joto likipanda.

Ikiwa inahitajika kwa matengenezo tu, iwashiwe kwa swichi. Fundi wa nje anapiga simu mapokezi, mapokezi wanakata na kumpigia kwenye namba ya kampuni yake iliyo kwenye mkataba, kisha mtu wenu anaiwasha modemu, anaandika saa kwenye kitabu, na anaizima kazi ikiisha. Hakuna kifaa cha bei nafuu kuliko hicho kinacholinda zaidi.

Ikiwa inahitajika kupiga nje lakini si kupokea, iandikie ATS0=0, yaani isiitikie simu, kisha AT&W ili ikumbuke. Zima umeme, washa, na usome ATS0? Jibu liwe 000. Usiishie hapo. Programu ya mtambo mara nyingi huipelekea modemu mstari wake wa kuanzia kila kompyuta inapowaka, na ndani ya mstari huo mna S0=1, yaani iitikie mlio wa kwanza. Washa mtambo mzima, subiri dakika tano, kisha ipigie. Kupiga simu ndiko kunakothibitisha.

Kebo ya nyaya tatu

Hili tunaliweka peke yake kwa sababu limeharibu kazi nzuri mara nyingi, na halionekani kwa kuangalia mipangilio.

Kati ya modemu na mtambo kuna kebo ya serio. Kebo kamili hubeba, pamoja na data, ishara mbili muhimu. Moja inasema "kompyuta iko tayari". Ni pini ya 4 kwenye plagi ya pini 9, ya 20 kwenye ile ya pini 25. Ya pili inasema "laini imeunganishwa". Ni pini ya 1 kwenye plagi ya pini 9, ya 8 kwenye ile ya pini 25. Fundi mwenye haraka hutengeneza kebo ya nyaya tatu tu: kupeleka, kupokea, ardhi. Data inapita, kila mtu anafurahi.

Sasa fuata kinachotokea. Msimamizi anapiga, anaingiza neno la siri, anafanya kazi, halafu simu inakatika kabla hajatoka. Modemu inajua laini imekatika. Mtambo haujui, kwa sababu waya wa kuuambia haupo. Kwa upande wa mtambo, msimamizi bado yumo ndani. Atakayepiga baada yake, awe nani, anakuta ukurasa wa msimamizi uko wazi na haulizwi lolote. Neno la siri la herufi ishirini halisaidii kitu hapo.

Fungua plagi zote mbili na uhesabu nyaya. Zikiwa tatu, badilisha kebo. Kwenye modemu weka AT&C1 ili ishara ya laini ifuate ukweli, na AT&D2 ili modemu ikate simu mtambo unapomfungia mtu, kisha AT&W. Modemu ikiwekwa &C0 au &D0, hata kebo kamili haifai kitu. Jaribu hivi: ingia kwa idhini, kata simu bila kutoka, piga tena baada ya dakika moja. Usipoulizwa neno la siri, kazi haijaisha.

Weka pia kikomo cha dakika 5 za kukaa bila kuandika, kufungiwa baada ya majaribio 3, na ubadilishe neno la siri la kiwandani. Ondoa jina la taasisi na aina ya mtambo kwenye salamu ya kwanza. Anayepiga namba ovyo na kukuta "Karibu" pamoja na jina la kiwanda na toleo la programu amepewa nusu ya kazi.

Modemu zenye uwezo wa kukata na kumpigia aliyeomba kuingia zinasaidia, kwa sharti moja: zipigie kwa laini nyingine, isiyopokea simu. Kwenye laini ileile, anayepiga anaweza kutokata upande wake, akacheza mlio wa kupiga kwenye waya, na modemu ikadhani imepiga namba sahihi. Kuchuja kwa namba ya anayepiga ni nyongeza nzuri, lakini namba hiyo inaweza kughushiwa kwenye simu za intaneti. Usiifanye kuwa kufuli pekee.

Swichibodi

Kama ulisikia mlio wa kupiga baada ya kuitikiwa, ingia kwenye mipangilio ya swichibodi na uzime huduma ya kupiga nje kutoka nje, ile inayoandikwa DISA. Ikilazimika kubaki, iwe na msimbo wa tarakimu zisizopungua 8, tofauti kwa kila mtu. Badilisha neno la siri la programu. Lile la kiwandani limechapishwa kwenye mwongozo ambao kila mtu anaweza kuupakua. Kisha iandikie kampuni ya simu ifunge simu za nje ya nchi kwenye laini zisizozihitaji. Wezi wa muda wa maongezi hufanya kazi Ijumaa usiku hadi Jumatatu, na bili huja mwisho wa mwezi.

Mitambo yenye kadi za simu

Siku hizi mtambo mpya hauwekewi laini ya shaba. Unawekewa ruta ndogo yenye kadi ya Safaricom, Airtel au Telkom, na watu hudhani tatizo la modemu limekwisha. Limebadilisha nguo tu. Kadi ina namba. Namba inapigika na inatumiwa ujumbe. Ruta nyingi za viwandani hupokea amri kwa ujumbe mfupi: jizime, jiwashe, fungua mlango wa usimamizi. Mara nyingine kinachotakiwa ni neno la siri la kiwandani mwanzoni mwa ujumbe.

Kwa kila kadi fanya haya: zima amri za ujumbe au ziruhusu kwa namba mbili tu mnazozijua, omba kampuni ya simu ifunge simu za sauti zinazoingia, weka PIN kwenye kadi ili aliyelivunja sanduku la pampu pale kando ya ziwa asiitumie kwenye simu yake. Kisha angalia anwani ya intaneti ambayo ruta imepewa. Ikianza kwa 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Ikiwa ni anwani ya hadharani, ipime kutoka mtandao mwingine kwa nmap, programu inayoangalia milango ya mtandao iliyo wazi:

nmap -Pn -p 22,23,80,443,502,8080,10001 ikifuatwa na anwani

Mlango wa 502 ni wa Modbus, usiouliza neno la siri. Wa 10001 ndio vipimo vya matangi ya mafuta hutumia mara nyingi. Januari 2015 upimaji wa H D Moore ulikuta vipimo kama 5,800 duniani vikiwa wazi bila neno la siri, vingi vyavyo Marekani. Usidanganyike na anwani ya ndani pia: kwenye baadhi ya mitandao, kadi moja inaweza kuifikia nyingine. Rudia upimaji huo ukiwa na kadi ya pili ya kampuni ileile. Suluhisho la kudumu ni kuomba njia ya faragha ya data, ambapo kadi zenu zinafika kwenye seva yenu peke yake.

Kujua kwamba unapigiwa

Swichibodi nyingi hutoa kumbukumbu ya kila simu kwenye tundu la serio. Iunganishe na kompyuta kuukuu na uihifadhi. Unachotafuta kinaonekana hivi:

21:04 laini 2, ekstensheni 101, sekunde 3
21:05 laini 2, ekstensheni 117, sekunde 4
21:06 laini 2, ekstensheni 109, sekunde 3
21:08 laini 2, ekstensheni 122, sekunde 41

Simu tatu fupi, kisha moja ya sekunde 41. Hiyo ya nne ndiyo ya kukimbilia, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ofisini. Kanuni inayofaa kuanzia: namba moja ya nje iliyogusa ekstensheni 5 tofauti ndani ya dakika 10, au simu zozote 5 za chini ya sekunde 10 usiku mmoja. Anayebadilisha namba ataikwepa ya kwanza, ya pili itamnasa. Omba kampuni ya simu iwashe huduma ya kuonyesha namba kwenye laini zote. Acha pia namba moja isiyo ya mtu yeyote, isiyoandikwa popote. Kila simu inayoifikia ichunguzwe.

Ukiona mtu ameingia, chomoa laini lakini usizime mtambo, hifadhi kumbukumbu, na uripoti kwa KE-CIRT/CC, kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kama data za watu zimeguswa na zinaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Radi

Kuanzia Kericho hadi Kakamega, na jioni kando ya Ziwa Viktoria, radi huunguza modemu. Fundi huja kesho yake na modemu ya akiba, anaichomeka, mtambo unafanya kazi, na kila ulichoweka kwa AT&W kimekwenda na modemu iliyoungua. Weka kinga ya laini yenye waya wa ardhi mnene na mfupi. Kisha andika amri zako zote kwenye karatasi, pamoja na mstari wa mwisho unaosema "ipigie baada ya kuwasha", uifunike kwa plastiki na kuibandika ndani ya mlango wa sanduku, pale mkono wa fundi utakapokuwa.